Mkubwa Huanza Kula

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Kwa heshima na kwa taratibu za cheo: Senje Awinja, shangazi yetu sote, ambaye hayupo, mke wangu Khalayi, ambaye yupo lakini anachambua mboga, kuku wawili mlangoni, nawe, shajara. Itifaki imezingatiwa.

Habari njema! Nekesa, binti ya mdogo wangu George, amepata mchumba. Anaitwa Weldon, kijana wa Kericho. Jumamosi wanatualika Nairobi, kwenye mkahawa wa kifahari wa Kikorea, tumjue. Baada ya chakula, ukoo utamtaja msemaji wake katika mazungumzo ya mahari. Kwa desturi, msemaji ni mwanamume aliyewatangulia wenzake kuzaliwa. Yaani mimi. Au Osiako, mwana wa baba mdogo, tuliyezaliwa naye mwaka mmoja, naye hudai alinitangulia. Madai! Mtu aliyewahi kuhutubia mazishi kwa dakika tatu tu, waombolezaji wakabaki wameduwaa.

Jumanne, 5 Agosti

Nimefanya utafiti kwenye simu. Ugunduzi mkubwa: kwa Wakorea, hakuna anayegusa chakula kabla ya mkubwa wa mezani kuanza. Taifa lenye hekima! Mpango umejitengeneza wenyewe. Nitaitangaza kanuni hiyo mbele ya wote, kisha nitaanza kula. Yeyote atakayeningoja atakuwa amekiri kwa tumbo lake kwamba mimi ndimi mkubwa. Osiako pia. Hasa Osiako.

Tatizo dogo: vijiti vya kulia. Nimenunua vya mshikaki sokoni kwetu Khayega. Vinatosha.

Alhamisi, 7 Agosti

Mazoezi yamefanikiwa. Nimekula sahani nzima ya maharagwe, punje baada ya punje. Khalayi akauliza kama nakula au nafuma sweta. Nikamjibu kwamba viongozi hawaeleweki katika zama zao. Akasema hata jogoo ameshamaliza kula na kwenda zake.

Osiako alipita kuazima toroli. Nikavificha vijiti ndani ya soksi. Vikanichoma! Nilimuaga kwa heshima zote, bila kusimama.

Jumapili, 10 Agosti

Tumerudi. Niseme yote, kwa mpangilio.

Mkahawa ule! Sakafu ilivyong'aa, Senje Awinja alivua viatu mlangoni, na mhudumu akamwinamia. Katikati ya meza, jiko. Kisha wakatuletea nyama mbichi. Sisi, wageni, nyama mbichi! Osiako akauliza kwa sauti kama mpishi ni mgonjwa, akamtumia pole. Weldon akaeleza kwamba hapa mgeni hujichomea mwenyewe. Vikaja vitaulo vyenye maji moto. Senje akakirudisha chake, akasema kujipangusa si kunawa, akaondoka kutafuta maji na sabuni.

Nikaiona nafasi. Nikasimama. Nikaitangaza kanuni. Weldon, kijana mwadilifu, akathibitisha kwamba ni kweli. Nikatamka kwamba, kwa kuwa Senje hayupo mezani, mkubwa ni mimi. Wote wakaweka mikono mapajani. Osiako naye! Nyama ikaanza kunukia. Ushindi!

Nikashika vijiti.

Vilikuwa vya chuma. Bapa. Vinateleza kama kambare aliye hai! Utafiti wangu ulikuwa kimya kuhusu jambo hili. Kipande cha kwanza kikarukia kikombe cha George. Cha pili kikaingia mfukoni mwa koti langu, kikatulia humo. Nekesa akaninong'oneza: baba mkubwa, kijiko kipo. Nikakataa. Kiongozi hashuki ngazi. Osiako, kwa adabu ya kuudhi, akasema hawana haraka, wanamngoja mzee wao. Akarudia! Tumbo la Weldon likanguruma hadi meza ya pili. Nyama ikaanza kuungua.

Hapo Senje akarudi, mikono inanukia sabuni. Akauliza kwa nini tunaitazama nyama kama tuko matangani. Akaelezwa. Akauliza ni nani pale aliyezaliwa kabla yake. Akatandaza jani la letasi kiganjani, akaweka nyama, kitunguu saumu na mchuzi mzito, akalifinya kama tonge la obusuma, ugali wetu. Likaenda lote kinywani. Mhudumu akapiga makofi: ndivyo hasa inavyoliwa, kwa mkono, na kwa mara moja!

Mikono yote ikapanda mezani. Tulikula! Tulicheka! Kabeji ya pilipili ilikwisha, wakatuongezea, ikaisha tena. George alibubujikwa na machozi, akadai ni ya furaha ya mzazi. Weldon alimfinyia Senje tonge, akampa kwa mikono miwili, naye Senje akamtangaza kuwa mwanawe hapo hapo. Hata mimi nilicheka, kinywa kimejaa.

Kisha Senje akatoa hukumu, kwa kuwa ndiye aliyetupokea sote tulipozaliwa. Osiako alikuja wakati wa kupanda mahindi. Mimi nilikuja wakati wa kupalilia. Msemaji ni Osiako. Mimi nimekabidhiwa jagi na beseni. Nitawanawisha wageni.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimelala, nimetafakari. Sikushindwa. Nilipandishwa cheo!

Fikirini, waheshimiwa. Msemaji hasemi kabla watu hawajala. Watu hawali kabla hawajanawa. Na hakuna atakayenawa kabla sijaliinua jagi. Mkutano mzima umo mkononi mwangu! Khalayi ameuliza kama Nairobi sikujifunza lolote. Nimemjibu kwamba nimejifunza mengi: chuma huteleza, lakini jagi lina mpini.

Kwa hiyo, Senje Awinja, Khalayi, na kuku aliyebaki baada ya chakula cha jana, uamuzi ni huu, nao utekelezwe bila mjadala. Tarehe 23, siku ya mazungumzo ya mahari, wageni wa Kericho na wenyeji wa Khayega watapanga foleni kwa umri, mkubwa mbele. Kamati ya kupima umri ni mimi. Osiako atanawa wa mwisho. Maji yakiisha kabla ya zamu yake, asihuzunike: vile vijiti vya mshikaki ninavyo bado, nitamwazima.