Dakika Kumi na Moja, Macho Yamefumbwa

Jumatatu, 12 Mei

Nimepigwa tena! Na mama mkwe! Mara ya arobaini na moja. Leo kwenye drafti ya jioni amenila kete nne kwa mkupuo, huku anatafuna gimbi. Ukumbi wa kanisa ukaangua kicheko. Akaniuliza kama nyumbani hakuna vizibo zaidi, nikavilete.

Halafu Mchungaji Uelese akatangaza: kwenye sherehe za Uhuru kijiji kitapeleka mji mkuu, Apia, mchezaji mmoja tu. Fainali Ijumaa. Mama mkwe na mimi! Nimefikaje fainali? Mwalimu Kilisi, niliyetakiwa kucheza naye, kapata matumbwitumbwi. Bahati iliyoje! Ila nimeshawaambia watu nusu ya kisiwa chetu cha Savai'i kwamba naenda mimi. Hata shati nimeshonesha. Nikishindwa, uso huu nitaupeleka wapi?

Jumanne, 13 Mei

Nimepata!

Tulikuwa mazoezini, kengele ya maombi ya jioni ikagongwa kama kawaida. Mikono ikatulia, vichwa vikainama, macho yakafumbwa. Mchungaji akawaombea wagonjwa, wasafiri, na ndugu walioko ng'ambo, Auckland, mmoja mmoja, kwa majina. Dakika kumi na moja! Nimehesabu. Na muda wote huo ubao uko pale, hauna mlinzi. Jamani! Miaka yote hii mimi nilikuwa nasali tu!

Jumatano, 14 Mei

Mazoezi. Wakati wa maombi ya nyumbani nilivuta bakuli la sukari kwa kidole kimoja, jicho moja wazi. Halikutoa hata sauti. Baada ya amina, mke wangu Lupe akauliza bakuli limefikaje kwangu. Nikasema sijui, labda baraka. Mama mkwe akasema mkwe wake siku hizi anasali mpaka jasho linamtoka.

Maskini mama wa watu! Miaka thelathini anafundisha Shule ya Jumapili, atawazia wapi ubaya? Karibu nimwonee huruma.

Ijumaa, 16 Mei

Lazima niandike.

Nilicheza polepole, nasubiri kengele. Mama mkwe naye akacheza polepole. Nikadhani ni uzee. Watu wakaanza kelele: "We Panapa, unacheza au unailea hiyo kete?" Kengele ikagongwa. Mchungaji alipofika Auckland nikafumbua jicho, nikapeleka kidole kwenye kete yangu ya pembeni, niisogeze mbele.

Ubaoni kulikuwa na mkono mwingine.

Mama mkwe! Macho wazi, makavu, yananitazama, na midomo inaitikia "ndiyo, Bwana"! Keshatoa kete yangu moja, anaifuata ya pili! Nilitaka kupiga yowe. Sasa nipige, niseme nimeonaje? Kwa midomo tu akaniambia: toa mkono. Nami kwa midomo: toa wewe, mama. Hakuna aliyetoa. Tukabaki hivyo hivyo mpaka amina.

Watu wakafumbua macho. Mikono miwili juu ya ubao! Nikajua nimekwisha. Mama mkwe hata hakupepesa. Akasema tulikuwa tunauwekea ubao mikono, tunauombea amani kati ya mkwe na mkwe. Mchungaji akafuta machozi! Ukumbi mzima ukajibu amina! Tukaendelea kucheza, mimi nikiwa pungufu kete moja, na akaninyuka. Ningemshtaki kwa nani?

Jumamosi, 17 Mei

Balaa. Mama mkwe hakulala. Asubuhi kanivuta jikoni, kasema dhamiri inamsuta, kesho atasimama kanisani aseme yote.

Yote! Nikamwambia, mama yangu, yote ni mengi, watu watachoka. Akasema wachoke. Nikampikia majani ya magimbi kwa tui zito, kwa mikono yangu mwenyewe, Lupe kaniangalia kama nimerukwa na akili. Mama akala, akasifia chumvi, akasema atasimama vilevile.

Jumapili, 18 Mei

Kasimama! Mbele ya kila mtu akasema alifumbua macho katikati ya maombi, akaiba kete, mkwe wake akamwona, na Apia haendi. Mama mmoja wa kwaya akaketi chini ghafla. Mimi nimeshika benchi kwa mikono miwili. Sasa ni zamu yangu, nikawaza, sasa ananitaja.

Akanitazama. Akangoja kidogo, kama ananipa nafasi. Nikaitazama dari. Basi akaketi. Hakunitaja!

Mchungaji akapanda mimbarini. Akasema mtazameni Panapa, aliona akanyamaza, akakubali kushindwa kuliko kumwaibisha mama wa mkewe. Apia ataenda yeye! Watu wakanivamia, wakanikumbatia. Mama mkwe naye akaja, akaninong'oneza kwamba mlango aliniachia wazi, sasa nijue mwenyewe la kufanya. Niliona aibu sana. Dakika nzima.

Lupe akaniuliza kama nimejifunza kitu. Nikamwambia, mengi mno.

Jioni nikaenda kwa Mchungaji. Nimemwomba tupande meli pamoja, kwani haifai mechi kubwa kama ile ichezwe bila mtu wa kuiombea katikati. Amefurahi mno, machozi tena. Nimemsihi siku hiyo asiwe na haraka, awataje wote wa Auckland, na wa Sydney pia.