Naomba Matairi Yangu Yasioshwe kwa Petroli

Baraka, tarehe 12 Julai 1999

Kwa Mheshimiwa Komanda Norbert,
Mkuu wa askari wote wa Baraka, kwa majira haya.

Kuhusu: Namna askari wako wanavyoosha matairi ya motokari yangu.

Mheshimiwa Komanda,

Kwanza pokea salamu zangu na za mke wangu Constance. Sisi tu wazima. Wewe tunakuona kila siku ukipita ndani ya motokari yetu, kwa hiyo tunajua na wewe u mzima.

Mimi naitwa Isidore, karani mstaafu wa ofisi ya teritware, yaani ya wilaya, kule Fizi. Ndimi mwenye ile Shevrole ya mwaka 1956, ya rangi ya maziwa na kijani, ambayo vijana wako waliichukua tukiwa kanisani. Nataka tuelewane mapema: sililii motokari. Vita ni vita, na motokari yenyewe imeshazoea. Ilichukuliwa na wale waliokuja mwaka wa tisini na sita, ikarudi bila kiti cha nyuma. Ikachukuliwa na wale waliofuata, kabla ya mauaji ya Makobola, ambayo sitayasema hapa kwa sababu machozi yake hayajakauka. Ikarudi bila honi. Sasa ni zamu yenu. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Ninacholalamikia ni matairi. Kama hujapata nafasi ya kushuka ukayatazama, yana duara jeupe ubavuni, pana kama kiganja. Ile si rangi ya kupakwa. Ni mpira wenyewe, mweupe, uliotiwa huko kiwandani, na ukishaharibika umeharibika. Rafiki yangu Assumani, mwenye mtumbwi wa mota, aliniletea kutoka Bujumbura akiwa ameyafunga ndani ya mablanketi, na tangu siku hiyo hakuna aliyeyaosha ila mimi. Sasa mkipita tu mbele ya nyumba nageuza uso. Malalamiko yangu nayapanga hivi.

1. Waya wa sufuria. Askari wako Willy, kijana mwenye adabu, ambaye hanipiti bila kunisalimu, anasugua lile duara kwa waya wa kutolea masizi. Nilipomwonya polepole, alinijibu: "Papa, pine haina roho. Iko inasikia nini?" Ni kweli, Komanda, tairi halina roho, lakini lina ngozi. Waya unaiparura, vumbi la kiangazi linaingia ndani ya mikwaruzo, na kesho yake weupe umekuwa kijivu. Willy akiona kijivu anaongeza nguvu. Akiendelea hivyo atafika kwenye upepo.

2. Petroli. Sijui nani aliwafundisha watu kwamba petroli inasafisha kila kitu. Uchafu inatoa, sikatai, lakini na mpira inaula, na mpira ukiliwa unapasuka nyufa kama kisigino cha mtu wa shamba. Tena wagonjwa wetu wanabebwa kwa machela mpaka hospitali ya Nundu, wakiambiwa petroli hakuna, na huku tairi linaogeshwa nayo. Ningekuwa mgonjwa ningeona wivu.

3. Mawese. Baada ya petroli wanapaka mawese ili ling'ae. Mimi ni mtoto wa Fizi, mawese sihitaji kufundishwa. Mawese ni ya kupikia sombe na maharagi. Ukiyapaka juu ya kitu cheupe yanakigeuza njano, na jua likiwaka inzi wanakuja kula karamu. Wiki iliyopita nilimwona mbwa wa jirani akiifuata motokari yako, na kila iliposimama alilamba gurudumu. Wewe ulikuwa ndani umevaa miwani, umekaa kikubwa, hukujua. Watu walijua. Nakwambia kwa sababu nakuheshimu.

4. Dawa ya meno. Hapa nakosa maneno. Dawa ya meno, Komanda! Nami nilijiuliza kwa nini siku hizi mtu akisimamishwa bariyerini anageuza kichwa pembeni askari akimsemesha.

5. Jambo hili ndilo kubwa. Siku mlipoingia mlitukusanya uwanjani, mkatuambia mmekuja kusafisha nchi. Tulipiga makofi, maana sisi makofi tunayo ya akiba. Waliowatangulia nao walisema walikuja kusafisha nchi, na wao niliwaona wakisugua matairi yangu kwa mchanga wa ziwa. Sasa nimeanza kuogopa. Tairi ni duara moja tu. Limekaa kimya, halibishani, halikimbilii milimani. Kama kulisafisha kwenyewe ni mpaka lichubuliwe, nchi yenye watu wanaosikia maumivu itasafishwaje? Kwa unyenyekevu mwingi naomba nchi isubiri kidogo. Anzeni na matairi. Mkiyaweza yote manne tutazungumza habari ya Baraka, na mkiiweza Baraka, hapo tutaona kama Kivu nayo iko tayari kuoshwa.

Wala silaumu bila kufundisha. Motokari ikae kivulini mpaka tairi lipoe. Mwagieni maji tairi zima kwanza, kwa sababu uchafu mkavu ndio unaokwaruza. Sabuni iwe ya kuogeshea mtoto, isiwe ile ya soda kali inayowachuna wamama mikono. Burashi iwe laini, ya nguo. Zungusha mkono bila hasira, maliza tairi moja ndipo uende kwa lingine, na povu lisikaukie pale. Suuza kwa maji mengi. Kitambaa kilichofuta sehemu nyeusi kisiguse nyeupe hata mara moja. Basi, imekwisha. Bunduki haihitajiki popote katika kazi hii, Willy anaweza kuiegemeza ukutani.

6. Binti yetu Ketsia anaolewa Jumamosi hii na Fabien wa Nundu. Harusi imeahirishwa mara mbili, na mara zote mbili ni kwa sababu ya kukimbia. Nguo yake nyeupe imelala msituni zaidi kuliko ilivyolala sandukuni. Katika ukoo wetu binti anatoka kwa baba yake ndani ya motokari ile. Dada zangu wote walitoka hivyo, na wakwe wakiona weupe wa matairi unakuja kwa mbali, wanajua wanaletewa mtoto wa watu, aliyelelewa. Kiti cha nyuma tutaazima benchi la kanisa. Honi, wamama wa kwaya wataimba. Lakini weupe hauazimwi kwa mtu. Mimi nimezeeka, Komanda, nimekimbia na magodoro kichwani mara nyingi kuliko inavyomfaa karani, na hiki ndicho kitu kimoja ninachokitaka kwa moyo wangu wote kabla hatujakimbia tena: nimwone mtoto wangu akitoka vizuri.

Kwa hiyo naomba motokari irudishwe Ijumaa asubuhi, niioshe mwenyewe. Naomba tena kwamba kuanzia saa hiyo lori lolote la jeshi lisipite kati ya Baraka na Nundu, kwa ajili ya vumbi. Na kwa kuwa vumbi halijui mipaka, naomba vita vyenyewe visimame mpaka Jumapili jioni, kwa pande zote, maana wanaokimbia wanatimua vumbi sawasawa na wanaowafukuza. Wenzenu wa milimani nitawaandikia mwenyewe. Motokari wanaijua vizuri, walikuwa nayo kabla yenu.

Nina imani kwamba mtu anayependa kukaa mahali pazuri hawezi kuchukia ushauri wa aliyepatengeneza. Nisalimie Willy na askari wote wa bariyeri. Nisalimie mpishi wako, pia kuku wetu, kama bado kuna aliyebaki. Constance anakusalimu tena, na Ketsia anakukaribisha harusini, bila silaha na bila mbwa.

Ni mimi, katika usafi na amani,

Isidore, karani mstaafu

Nakala kwa taarifa: Kiongozi yeyote wa serikali atakayerudi kutoka ng'ambo ya ziwa.

Baada ya sahihi: Constance ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Amecheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniuliza: "Baba Ketsia, juu ya nini kila komanda mwenye anafika anabeba motokari yako, na kamionete ya jirani Juma, yenye iko na nguvu ya kubeba mizigo, banaiacha?" Akajijibu mwenyewe: "Ni ile pine. We mwenyewe unaziosha mpaka zinawaka, kila mukubwa akiona anataka kukaa juu yake. Zikiharibika, batakurudishia."

Nimelifikiria jambo hili kwa uchungu, nimeona ana haki. Karatasi niliyo nayo ni hii moja, siwezi kuandika upya. Kwa hiyo, Mheshimiwa, yote uliyosoma huko juu yafute. Endeleeni na petroli. Waya wa sufuria muuongeze, mawese msiyaonee huruma, na dawa ya meno kama ipo iletwe yote. Siku matairi yatakapokuwa meusi kama chungu na ukaona aibu kuonekana nayo, iacheni motokari barabarani, popote pale. Tutakuja kuisukuma wenyewe. Ila tafadhali haribuni haraka, iwe kabla ya Jumamosi. Ketsia anasema bibi harusi akishaketi ndani, yeye matairi hayaoni.