Mfuko Wangu, Mkasi wa Mke Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Habari njema. Kamati ya Usuluhishi ya Ukumbi imevunjika.

Ukumbi ni wetu sisi mafundi nguo, watu elfu moja na mia mbili mtandaoni, kila mmoja na cherehani yake na maoni yake. Kamati ina viti vitatu. Leo asubuhi wajumbe wawili wamejiuzulu kwa mpigo. Walikosana wao kwa wao kuhusu zipu. Amebaki Katibu peke yake, mwalimu mstaafu anayeshona mapazia na kuandika kila kitu kwa vipengele.

Viti viwili wazi. Kimoja ni changu.

Si uchu wa madaraka. Ni haki. Desemba niliweka Ukumbini picha ya gauni lenye mfuko wangu wa pembeni, kwa nje tu, ule usiovimba nyongani. Mkono unaingia wote, gauni linatulia. Kumbe siku nne kabla yangu, mtu anayejiita Uzi Mweupe alikuwa ameweka wake unaofanana. Anaishi mji wa mbali, safari ya siku mbili, sijawahi kumtia machoni. Mimi wangu nilikuwa nao kichwani tangu mwaka juzi, ila kichwani hakuna tarehe. Sasa kwenye Maktaba ya Ukumbi umeandikwa: Mfuko wa Uzi Mweupe. Nimelalamika. Miezi miwili, kimya. Walikuwa kwenye zipu.

Kanuni inasema mjumbe haamui kesi yake. Sawa. Haisemi hawezi kukaa jirani na wanaoamua na kukohoa panapostahili.

Nimemsomea mke wangu tangazo. Amesema ningeifaa sana kamati hiyo, hasa upande wa kushtakiwa. Dada yangu akacheka mpaka uzi ukakatika kwenye oveloki, mashine yake ya kushona kingo. Tunafanya kazi chumba kimoja, sisi watatu. Ndiyo maana sina siri.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata fomu. Majina: rahisi. Mimi Ukumbini ni Fundi Namba Moja wa Pili, kwa sababu Fundi Namba Moja lilikuwa limeshachukuliwa. Uzoefu: miaka ishirini na mbili. Kisha kipengele cha nne. Taja ugomvi mmoja uliousuluhisha, eleza chanzo chake, na wagomvi wote wawili wathibitishe kwa maandishi. Mwisho wa kupokea fomu, Jumatano ijayo.

Ugomvi ninao mwingi. Uliosuluhishwa sina hata mmoja.

Mchana nikaenda kwa kinyozi na fundi simu wa mtaani kwetu, ambao hawasalimiani huu mwaka wa pili kwa sababu ya benchi. Nikawasihi wapatane. Wakapatana palepale kwamba mimi nina umbea, wakanisindikiza wote wawili hadi barabarani. Nilipowaomba wathibitishe kwa maandishi walirudi kila mtu kibandani kwake.

Jioni nikawatazama mke wangu na dada yangu wakinywa chai. Mawifi. Dunia nzima mawifi wanararuana, hawa wangu miaka tisa wanagawana andazi. Wanaitana wifi kama watu wanaoitana asali. Nimejiona sina bahati.

Halafu nikafikiri. Kitu ambacho hakipo, fundi hukitengeneza.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekitengeneza.

Kwa mafundi, mkasi wa kitambaa haugusi karatasi. Karatasi inakula makali. Ni jambo ambalo hata mwanafunzi wa wiki moja analijua, na watu wamefukuzana kazi kwa ajili yake. Mke wangu ana mkasi mmoja mweusi, mzito, aliorithi kwa marehemu mama yake. Anaufunga kwa kitambaa cha flaneli. Hata mimi huomba ruhusa, na mara nyingi sipewi.

Leo saa nne wote wawili walitoka kupeleka sare shuleni. Nikafungua flaneli. Nikachukua karatasi ngumu ya kaki na kukata. Kukata nini? Sikupanga. Mkono ulienda wenyewe, ukakata pateni, kiolezo cha mfuko wangu. Mara sita. Nilikata vizuri, kusema kweli. Nikaacha mabaki chini ya meza ya dada, nikaurudisha mkasi nusu umefungwa nusu wazi. Kipande kimoja kilikuwa kizuri mno, sikuweza kukikunja. Nikakilaza juu ya mabaki.

Mpango: ugomvi mdogo, wa mchana mmoja. Nauwasha kesho, nauzima kabla ya chai.

Ijumaa, 7 Machi

Umewaka.

Mke wangu alikuwa anakata satini ya bibi harusi. Mkasi ukatafuna. Akaurudisha nyuma, ukatafuna tena. Hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoanza kutokwa jasho. Aliuweka chini taratibu, akatembea hadi meza ya dada, akainama, akaona. Akamuuliza wifi yake kama mkasi wake wa karatasi umepotea. Dada akasema haelewi. Mke wangu akasema hata yeye haelewi.

Tangu hapo wanaongea kupitia kwangu. Mwambie wifi yangu satini inahitaji oveloki. Mwambie wifi yangu ailete. Wamekaa hatua tatu tu kati yao. Nimepeleka salamu kumi na moja kabla ya chakula cha mchana, na chakula chenyewe sikukiona.

Ni ugomvi imara. Nimeridhika, kwa kiasi.

Jumapili, 9 Machi

Usuluhishi. Nilipanga viti vitatu, changu katikati. Nikavaa koti. Nikatoa hotuba ya vipengele saba, nikapendekeza kila mmoja alegeze nusu: dada akiri nusu, mke wangu asamehe nusu.

Dada akasema hajui namna ya kukata karatasi nusu. Ama amekata, ama hajakata, na hajakata. Mke wangu akasema hajamwita wifi yake mwizi wala mwongo, anataka tu aambiwe ukweli, kwa sababu mama yake aliutumia mkasi ule miaka thelathini na haukuwahi kutafuna hata hariri. Kisha akalia. Si kilio cha kunionyesha mimi. Aligeukia ukutani.

Niliona vibaya sana. Nilifungua mdomo kabisa. Kisha nikakumbuka Jumatano, nikaufunga, nikasema tupumzike dakika tano. Hakuna aliyerudi kwenye kiti.

Jumatatu, 10 Machi

Dada ameshusha begi kutoka juu ya kabati. Anahamia kwa binti yake. Amesema mtu asiyeaminiwa kwa mkasi hawezi kuaminiwa kwa funguo za nyumba. Ameshafunika oveloki kwa shuka. Ameanza hata kutenga vijiko vyake.

Nikamwambia asubiri mpaka Alhamisi. Akauliza kwa nini Alhamisi. Nikasema hali ya hewa.

Miaka tisa tumeishi naye. Yeye ndiye aliyenifundisha kushona kifungo, nikiwa siwezi hata kuuona uzi bila kuulamba mara nne. Jikoni kuna sufuria mbili sasa, na mimi sijakaribishwa kwenye hata moja. Nimekula mkate nikiwa nimesimama.

Nimemshauri mke wangu asamehe tu yaishe. Akasema atalipeleka Ukumbini. Nikamuunga mkono kwa moyo wote: kesi ikienda Ukumbini na mimi nikaimaliza, kila mtu ataona. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema hakika tupu.

Jumatano, 12 Machi

Siku ya mwisho ya fomu. Siku ya mwisho ya mambo mengi.

Saa tatu asubuhi mke wangu aliweka picha Ukumbini. Kile kipande cha kaki, kimelazwa juu ya kitambaa cheupe, kimepigwa picha kwa heshima. Chini ameandika: Nimekiokota kazini kwangu. Nani anaujua mkato huu?

Nikacheka kimoyomoyo. Karatasi haisemi.

Majibu yakamiminika. Arobaini na mawili ndani ya saa moja. Huo ni Mfuko wa Uzi Mweupe. Ni wa Uzi Mweupe huo. Kila jibu lilinichoma. Nikakaa juu ya mikono yangu.

Kisha akaandika Uzi Mweupe mwenyewe. Kwa adabu, lazima nikiri. Akasema ametazama vizuri na si mkato wake. Mfuko wake hauna mkia. Huu una mkia unaopanda hadi kiunoni na kushikwa na mshono wa kiuno, kwa hiyo mfuko hautaning'inia hata ukitiwa simu na funguo. Yeye amehangaika na tatizo hilo mwaka mzima bila kulipatia dawa. Akasema aliyekata hivi ni fundi hasa, ajitokeze, apewe haki yake kwenye Maktaba leo hii.

Fundi hasa. Kaandika hivyo, mbele ya watu elfu moja na mia mbili.

Sikumbuki jinsi vidole vilivyofanya kazi. Naona tu kilichobaki kwenye simu: NI WANGU. NIMEKATA MIMI. ALHAMISI.

Simu ya mke wangu ikalia. Ya dada ikalia. Nikainua kichwa. Wote wawili walikuwa wananitazama, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa walikuwa wamesimama upande mmoja wa meza.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeomba radhi. Kwa mke wangu, kwa dada, kwa wote wawili pamoja, kisha tena kwa mke wangu. Niliomba kwa dhati. Dada alisema amenisamehe kwa sababu amenijua tangu sina meno, akanipa begi nilirudishe juu ya kabati.

Kumbe mke wangu alishautambua mkia ule Jumatatu. Ndiye aliyemwandikia Uzi Mweupe pembeni, akamwomba atazame picha na aseme anachokiona, hakuna zaidi. Nilimuuliza kwa nini asiniulize mimi tu. Akasema ningempa hadithi, naye alitaka maandishi.

Adhabu: kuupeleka mkasi kwa mnoaji, kwa miguu, nimeushika kwa mikono miwili. Mnoaji aliutazama ukingoni akauliza ni nani aliyeutumia kukatia karatasi. Nikasema jirani.

Niliporudi mke wangu aliujaribu kwenye kipande cha satini. Ulipita, ila karibu na ncha ulishika kidogo. Akasema unatosha. Hajawahi kusema neno hilo juu ya mkasi ule. Akaufunga kwenye flaneli bila kunitazama, na mimi nikatoka nje nikasimama barabarani bila shughuli yoyote. Ningekuwa na mkasi mwingine wa mama yake ningempa.

Jumamosi, 15 Machi

Matokeo. Mke wangu na dada yangu wamechaguliwa, viti vyote viwili. Alhamisi walijaza fomu kwa siri, Katibu akawaongezea siku moja. Kipengele cha nne: kila mmoja ametaja ugomvi wake na mwenziwe, na kila mmoja amemthibitishia mwenziwe. Katibu ameandika kuwa hajapata kuona fomu safi kama hizo.

Kesi yangu ilikuwa ya kwanza. Wao wakajitoa kwenye kesi kwa kuwa ni jamaa zangu, akaamua Katibu peke yake. Mfuko ni wa Uzi Mweupe. Mkia ni wangu. Maktabani sasa panasomeka: Mfuko wa Uzi Mweupe, mkia wa Fundi Namba Moja wa Pili.

Uzi Mweupe amenitumia pongezi. Nadhani alimaanisha, ndiyo maana zimeniudhi.

Jumatatu, 17 Machi

Katibu ametangaza nafasi ya mjumbe wa akiba. Mmoja tu. Fomu ni ileile.

Safari hii nimekamilika. Nimejaza yote kabla ya chai. Kipengele cha nne, ugomvi niliousuluhisha: wa mke wangu na wifi yake. Ni kweli tupu. Walikuwa hawasemeshani siku sita, nikaandika maneno matano Ukumbini, wakapatana. Kati ya wote waliotaka uishe, nani mwingine aliumaliza?

Nimewapelekea wathibitishe. Dada amesema atatia sahihi akimaliza kucheka. Nimemsubiri tangu saa tano. Mke wangu ameisoma fomu yote, juu hadi chini, kisha ameniuliza kwa upole pale kwenye chanzo cha ugomvi nimeandika nini.

Nimeandika: Hakijulikani.