Muuza Urefu na Mama Milango

Mrefu alipomwona kinyozi mmoja akimnyoa mteja huku amepanda juu ya kreti la soda, alisimama pale mlangoni kama mtu aliyeona pochi barabarani. Alikuwa ameuza mengi katika maisha yake, dawa ya kuotesha ndevu, viwanja vilivyo katikati ya bwawa, ila urefu hakuwahi kuuza. Haya, nitegulieni hiki: kitu gani hununuliwa na mtu aliyesimama, akakabidhiwa akiwa amelala? Mrefu alikitegua kabla kinyozi hajafika kisogoni.

Wiki iliyofuata tayari alikuwa na chumba juu ya duka la rangi, koti jeupe, na kitanda cha chuma kilichounganishwa humo humo chumbani kwa kuwa kizima hakikupita mlangoni. Alikuwa pia na mtambo, au ndivyo alivyouita: pete mbili za chuma kutoka kwenye feni mbovu, zimeshikanishwa kwa spoki za baiskeli na nati. Mwenyewe, alisema, alikuwa kibeti mpaka alipofanyiwa upasuaji ng'ambo. Na kweli alikuwa mrefu, bwana yule. Viatu vyake vizito tu ndivyo hakuna aliyewahi kumwona amevivua.

Kinyozi alikuwa wa kwanza kulipa. Akafuata karani, akafuata bwana harusi mtarajiwa, wote watu wazima wenye akili za kutosha kuvuka barabara, wote wakiamini kwamba dunia ingewaamkia kama wangeongezewa upana wa kiganja. Malipo yao yaliingia kwenye mkoba mweusi uliotundikwa nyuma ya mlango. Mrefu alishapanga: mteja mmoja mnono, kisha basi la jioni, na mji ule usimwone tena.

Mnono akaja mwenyewe. Alikuwa Mama Milango, muuzaji wa milango inayong'olewa kwenye nyumba zinazobomolewa, mama mfupi hata akikaa kitini miguu inaning'inia. Mji mzima ulijua desturi yake: hauzi mlango mpaka mnunuzi aufungue na kuufunga mbele yake, na hauuzi bila kufuli.

Mrefu alimweleza kwa sauti ya msibani. Mfupa hukatwa, halafu huvutwa polepole, kidogo kidogo kila siku, na mfupa mpya huota kwenye pengo. Ukivutwa kwa fremu ya nje, vyuma hupita kwenye ngozi, na kila tundu ni mlango wa vijidudu. Ukivutwa kwa msumari unaokaa ndani ya mfupa, matundu hayapo, ila bei yake inapanda juu ya paa. Cha ajabu, yote aliyoyasema yalikuwa kweli. Uongo ulikuwa yeye.

"Njia ya bei nafuu ipo, mama," alimalizia. "Lakini ina usaha."

"Nipunguzie matundu, basi."

"Matundu hayapunguzwi, mama."

"Mimi napunguza bei ya milango mizima, seuze matundu. Na huo wa ndani hauna usaha?"

"Mara chache. Ila ukishika, umeshika ndani ya mfupa, na kuutoa huko ni kazi." Alilisema hili kwa uchungu, maana aligundua zamani kwamba anayekutisha kidogo ndiye unayemwamini.

Mama Milango akafungua mkoba wake, akamwonyesha bunda nene la noti, akaufunga.

"Sinunui kitu sijakiona kinavyofanya kazi. Uvae wewe kwanza."

Mrefu alipima. Upande mmoja bunda, upande mwingine kiatu. Bunda likashinda, kama linavyowashinda watu wa aina yake siku zote. Akakaa kitandani, akavua kiatu kimoja, na mguu ukafupika pale pale. Soli peke yake ilikuwa nene kama tofali. Mama Milango alikitazama kiatu, akamtazama yeye. Alisubiri tu pete zipande hadi kwenye shavu la mguu, akatoa spana.

"Niachie mimi. Nati ndiyo kazi yangu."

Alikaza. Mrefu alicheka kidaktari. Alikaza tena, ncha za spoki zikaingia kwenye ngozi, kicheko kikakatika. Kabla hajauliza, kufuli lilishalia: pete ya chini imefungwa kwenye chuma cha kitanda.

"Yule kinyozi wa kwenye kreti ni mdogo wangu, tumbo moja," alisema Mama Milango akiutungua mkoba mweusi. "Ameuza mashine zake akuletee wewe. Sasa ananyoa kwa wembe."

"Mama, tuzungumze."

"Tumeshazungumza, mwanangu. Na nimeona kinavyofanya kazi."

Kinyozi alirudishiwa chake. Karani na bwana harusi Mama Milango hakuwafahamu, wala hakujisumbua kuwatafuta.

Mrefu alikiburuta kitanda hadi mlangoni, na mlangoni, kama mjuavyo, hakipiti. Akakaa hapo mpaka mwenye duka la rangi alipopanda kudai kodi, akamkuta, akacheka hadi akakaa chini, ndipo akaenda kutafuta msumeno.

Hospitalini alifika kwa kuchechemea, kiatu kirefu upande mmoja, peku upande mwingine, mguu umevimba na kung'aa. Spoki zilikuwa na kutu tangu enzi za baiskeli. Muuguzi aliviangalia vidonda, akamweleza kwamba vitafunguliwa na kusafishwa, kisha sindano kali asubuhi na jioni, akamtajia gharama.

Mrefu akapapasa mifuko ya koti jeupe. Akauliza, kwa sauti ndogo kuliko kimo chake, kama hakuna njia ya bei nafuu.

"Ipo, baba, uoshe mwenyewe nyumbani," alisema muuguzi. "Lakini ina usaha."