Bunduki ya Marehemu Hoyt

Rayburn Sneed aliingia kwenye duka la chakula cha mifugo pale Tulley kununua soda, akatoka na tamaa. Ukutani, juu ya mizani, palikuwa na ukurasa wa gazeti uliofifia: marehemu Hoyt Hathcock kapiga goti, bata mzinga dume kalazwa mbele yake, bunduki kaiegemeza begani. Sisi wengine tumezoea kuangalia ndevu za yule bata mzinga. Rayburn aliangalia bunduki. Aliona ubavu wa chuma umechorwa mabata wanaoruka, akajua hiyo ni shotigani ya Kibelgiji ya zamani, aina ambayo daktari mmoja wa meno kule Birmingham alikuwa anaitafuta miaka miwili na hajali bei.

Akauliza kwa upole wa mtu anayeuliza hali ya hewa. Muuzaji, ambaye hajawahi kuulizwa jambo akajibu nusu, alimweleza yote. Hoyt alikuwa ameangusha mabata mzinga arobaini na mmoja kwa bunduki ile, kisha Novemba akafariki. Mjane wake, Bi Ouida, miaka sabini na mmoja, amejitia kichwani kwamba msimu wa kuwinda ukifunguliwa Jumamosi ataingia msituni mwenyewe. Kinachomkwamisha ni kwamba bunduki ya mumewe ni nzito na inapiga teke begani. Anatafuta nyepesi.

Rayburn alimnunulia muuzaji naye soda.

Tumtendee haki mtu huyu. Riziki yake ilikuwa kuuza shotigani za kuwindia bata mzinga gulioni, na katika mali yake yote alikuwa na bunduki moja ya kweli: fupi, nyepesi, yenye kioo cha kulengea chenye nukta nyekundu juu, ambayo aliihangaikia majira yote ya baridi hadi ikapiga pale pale inapoelekezwa. Hiyo ilikuwa ya kuonyesha. Wateja waliondoka na zile za kwenye maboksi chini ya meza, zilizofanana nayo kwa sura tu. Zile zilipiga zilikotaka zenyewe.

Alhamisi asubuhi alikuwa barazani kwa Bi Ouida, kofia mkononi, akimpa pole ya msiba wa mtu asiyemjua. Bi Ouida alimkaribisha kiti na keki, akamweleza habari za Shemasi. Shemasi alikuwa bata mzinga dume aliyetembea kifua mbele kwenye malisho nyuma ya nyumba, akipiga kelele kila alfajiri ya masika. Alimchezea Hoyt miaka mitatu, na Hoyt akafa hajampata. Tangu hapo mama wa watu hakulala vizuri. Alisema kufiwa anaweza kuvumilia, lakini kufiwa halafu ukachekwa na ndege kila asubuhi, hapana.

"Basi tuchague kwa akili, mama yangu," Rayburn alisema.

Na alichagua kwa akili kweli. Alimweleza kwamba bata mzinga hapigwi mwilini. Manyoya na kifua vitameza marisau, zile punje za risasi, na ndege ataondoka zake. Anapigwa kichwani na shingoni, shabaha isiyozidi upana wa kiganja. Kwa hiyo mdomo wa mtutu uwe umebanwa, marisau yaende kwa pamoja. Bunduki nyepesi inatosha kabisa kwa risasi za siku hizi, na bega litamshukuru. Tena macho ya mtu mzima yanachoka kupanga kijicho cha kulengea cha mbele na cha nyuma kwenye mstari mmoja. Nukta nyekundu haitaki kupangwa: unaiweka shingoni, unavuta. Hakuna neno la uongo katika maneno hayo, na ndiyo maana Rayburn alikuwa hatari.

"Lakini ya Hoyt kwanza tuijaribu," akasema. "Pengine tunaisingizia."

Wakabandika uzioni, hatua arobaini, karatasi yenye picha ya kichwa cha bata mzinga. Bi Ouida akaingia jikoni kuleta chai baridi. Rayburn akatoa bisibisi mfukoni, akazungusha skrubu ya kijicho cha nyuma mizunguko miwili kushoto, akarudisha bisibisi na kuanza kupiga mluzi.

Alifyatua mwenyewe. Marisau matatu yaligusa ukingo wa kushoto wa karatasi, mengine yalikwenda kuchuma majani. Rayburn alitikisa kichwa kwa huzuni. Moyoni alishangaa mizunguko miwili tu imefanya kazi kubwa hivyo, akajipongeza kwa mkono mwepesi.

Kisha akachukua ile bunduki yake fupi. Karatasi ya pili ilitobolewa shingo yote, ikabaki kichwa kinaning'inia.

Pale kwetu mwindaji akishajaribu bunduki huandika kwenye karatasi ile ile: bunduki gani, umbali gani, imepiga wapi, lini, na nani kafyatua. Bi Ouida alileta kalamu. Rayburn aliandika na kutia saini karatasi zote mbili kwa mbwembwe, maana ushahidi ulikuwa wa kwake.

Ndipo akasema kwamba kwa heshima ya marehemu yuko tayari kubadilishana, moja kwa moja, bila kuongezewa hata senti. Bi Ouida alijifuta jicho kwa aproni. Alisema Hoyt angemchuna ngozi. Mwishowe akakubali.

"Ninayo mpya kabisa garini, mama, haijatoka boksini."

"Hiyo mpya sijaiona ikitoboa kitu. Naitaka hii."

Rayburn aliikumbuka miezi yake ya baridi, akamkumbuka daktari wa meno. Akaiacha.

Ijumaa, nje kidogo ya Birmingham, aliirudisha skrubu ilipokuwa na kumkabidhi daktari. Daktari alifyatua: kushoto. Akazungusha skrubu kulia hadi ikagoma: kushoto bado. Akaufungua mtutu, akauelekeza kwenye mwanga, akachungulia ndani kwa jicho moja, namna anavyochungulia magego ya watu.

"Umepinda huu," akasema, akamrudishia.

Jumamosi mchana Rayburn alifika kwa Bi Ouida akiwa amejaa ghadhabu. Barazani mkia wa bata mzinga ulikuwa umetandazwa na kunyunyiziwa chumvi. Mezani alikuwepo Bi Ouida, na mpwa wake Dorsey, askari wa wilaya, akila akiwa na sare yake yote.

"Mama, ile bunduki inapiga kushoto."

Bi Ouida alivuta droo, akatoa karatasi, akampa mpwa wake. Dorsey alifuta vidole kwanza.

"'Bunduki ya Hoyt. Hatua arobaini. Kushoto. Alhamisi. Rayburn Sneed,'" akasoma. "Saini yako hii?"

"Yangu."

"Ulijua tangu Alhamisi. Sasa malalamiko ni yapi, ndugu?"

Rayburn alifungua kinywa. Jibu alikuwa nalo moja tu: kwamba Alhamisi aliamini ule ukushoto kautengeneza mwenyewe. Alimtazama askari akitafuna, akafunga kinywa.

"Gari la Hoyt liliukanyaga ule mtutu likirudi nyuma, mwaka wa tisini na nane," Bi Ouida alisema, akimimina mchuzi. "Akaunyoosha kwenye panda ya mti. Alikuwa haambiliki. Tangu hapo alikuwa analenga kichaka kilicho upande wa kulia wa ndege, na ndege anaanguka. Mimi nilikuwa dirishani Alhamisi, mwanangu. Nilipoona bisibisi nikasema, ee Mungu, azungushe kushoto. Ungezungusha kulia halafu ikapiga kushoto, ungejua."

Dorsey aliacha kutafuna. Alisema ya jikoni aliyoyasikia si ya kiofisi, lakini Rayburn akithubutu kumuuzia mtu bunduki anayojua imepinda, hiyo itakuwa ya kiofisi.

Rayburn aliitazama bunduki mkononi. Haikuwa na mnunuzi tena duniani, isipokuwa mmoja.

"Maadamu haikufai," Bi Ouida alisema taratibu, na kwa mara ya kwanza sauti ilimtetemeka kweli, "mimi nimeikumbuka. Nyumba ilikuwa tupu siku hizi mbili. Nikufungie chakula?"

Akamfungia kifua cha Shemasi kwenye karatasi ya alumini, na vipande viwili vya keki. Rayburn alikabidhi bunduki, akapokea kifurushi. Kilikuwa bado cha moto.

"Kula bila wasiwasi," Bi Ouida alimwambia mlangoni. "Marisau yote yalikwenda shingoni, kama ulivyosema."