Chozi Amehamia kwa Syokau

Jumatatu, 14 Julai
Mchungaji Mwau ametangaza kwamba Jumamosi wageni kutoka Kitui wanakuja hapa Tawa kutazama chozi, yule ndege mdogo wa mdomo uliopinda anayenyonya maua. Watapokelewa kwenye boma ambalo ndege huyo ataonekana, na mwenye boma atakuwa mwenyekiti wa kikundi kipya cha ndege. Hatimaye! Miaka tisa nimekuwa makamu wa kila kitu. Nina mishubiri kumi na miwili, yote ina maua. Jirani yangu Syokau, mwalimu mstaafu, ana mitatu. Na bado anatabasamu!

Jumanne, 15 Julai
Amekuja saa moja asubuhi. Mgongo wa kijani unaong'aa, kifua chekundu. Nimetazama picha kitabuni: ndiye. Nimemjulisha Mchungaji papo hapo. Lakini ameandamana na kindege cha kijivu, hakina rangi yoyote, kinadokoa maua yangu bila haya. Wageni watoke Kitui kuja kuona hicho? Nimekifukuza kwa fagio.

Alhamisi, 17 Julai
Kimerudi mara sita. Fagio mara sita. Sasa kinaning'iniza nyuzi na majani makavu kwenye kamba yetu ya nguo! Uchafu mtupu. Nimeung'oa wote. Mke wangu Katunge ameniomba nimwache ndege wa watu. Nimemwambia haya ni mambo ya uongozi.

Jumamosi, 19 Julai
Aibu. Wageni wanane wamekalia viti vyangu saa mbili nzima. Chozi hakuna. Ndipo Syokau akapita, akasema kwa upole kwamba yuko kwake, anajenga na mwenzake. Wageni wakaondoka na chai yangu mkononi. Nimewafuata kwa sababu ya vikombe.

Kwenye kamba ya nguo ya Syokau, kijivu kilikuwa kinasuka kiota, mwekundu akikilinda. Syokau akanigeukia mbele ya watu wote.

“Baba Nzisa, huyo wa kijivu ndiye bibi yake. Ukifukuza bibi, bwana atabaki kwako akifanya nini?”

Akaongeza kwamba hata madume machanga huwa ya kijivu kabla ya kupata rangi. Wageni wakaandika. Syokau ni mwenyekiti. Mimi ni makamu.

Jumapili, 20 Julai
Nimekasirika mpaka sikusikia mahubiri. Picha ya jike iko ukurasa wa pili wa kitabu. Nani husoma ukurasa wa pili?

Jioni amekuja mwingine kwenye mishubiri yangu. Wa kijivu, na vidoa viwili vitatu vyekundu kifuani. Hata rangi hajamaliza kupaka! Nimemtimua kwa fagio. Mwenyekiti mtarajiwa hapokei ndege wa namna hiyo.