Kibali cha Kulitaja Ua

Ofisi ya Uratibu wa Maua ya Kaunti ya Pardoe ina furaha kuutangazia umma kwamba majira ya kuchipua yameruhusiwa kuanza.

Tangazo hilo nililiandika mwenyewe, mimi Prewitt, Mratibu Msaidizi, nikalibandika mlangoni. Ni kweli kwamba hapa California maua yalikuwa yameshachanua bila kungoja kibali, lakini utovu wa nidhamu wa mimea si jambo geni kwetu.

Sehemu ya pili ya tangazo ndiyo iliyozua maneno. Kuanzia siku hiyo, raia yeyote angeweza kuliona ua na, akipenda, kulipiga picha. Ila kulitaja jina yalikuwa mamlaka ya Ofisi peke yake. Anayetaka ua lake litajwe alete maombi. Maombi yangejadiliwa, mkaguzi angetumwa, na mkaguzi akilikuta ua limenyauka, basi ua halipo na shauri limekwisha. Mara nyingi alilikuta limenyauka. Mkaguzi nilikuwa mimi.

Wenye roho mbaya walisema kanuni hiyo ililenga kuwaziba midomo wanachama wa Klabu ya Maua-mwitu. Si kweli. Ililenga kuendeleza Kilima cha Dunphy. Mwenyekiti wa baraza la kaunti, Mheshimiwa Clifton Rudge, alikuwa ameona mbali: watu wanatoka mijini kuja kutazama maua ya kilima hicho, na hawana pa kuegesha magari. Akaamua kilima chote kimwagwe lami, ili watu waegeshe kwa raha zao na kutazama maua. Kikwazo kilikuwa sheria moja tu ya jimbo. Pakithibitishwa rasmi kuwapo ua liitwalo kipepeo-madoa, ambalo limebaki la kutafuta kwa tochi, tingatinga haliruhusiwi kusogea. Na kila Jumamosi wanaklabu walishuka kilimani wakiapa kwamba wameliona.

Kwa hiyo nikaanza kufuatana nao.

Si kazi ya kila mtu. Watu wazima, wengine wenye wajukuu, wanatambaa kwa matumbo makalio yakiwa juu, kamera mkononi, wakilinong'oneza jani. Dakta Takeda, daktari wa meno, alikuwa amelala mbele ya ua moja akilibembeleza: "Fungua kidogo, mpenzi. Kidogo tu. Haiumi."

Bi. Marisela Ybarra, mwenyekiti wao, mwalimu mstaafu wa baiolojia, akaniita.

"Bwana Mratibu, nimeona kitu. Cheupe, petali tatu, madoa mekundu. Nikikitaja utanipiga faini?"

"Nitakupiga."

"Haya, basi nimeona kitu."

"Hongera."

"Kitu kizuri mno."

"Bi. Ybarra, usinizunguke."

"Mwache, Marisela," Dakta Takeda akasema bila kuinua kichwa. "Huyo hata mama yake akimwita atamdai kitambulisho."

Bi. Ybarra hakucheka. Alikaa juu ya jiwe, akafuta udongo magotini. "Hiki kilima nilikipanda nikiwa na mimba ya mwanangu wa kwanza," alisema. "Marehemu mume wangu alikuwa akinishika mkono. Mkikimwaga lami, sijui Jumamosi nitakwenda wapi."

Nikamfariji kwamba maegesho yangekuwa wazi hata Jumapili.

Jumamosi iliyofuata alikuja Mheshimiwa mwenyewe. Uchaguzi ulikuwa umekaribia, naye alitaka apigwe picha akiwa amejilaza kati ya maua, ili wananchi wajue kwamba anayapenda kwa dhati kabla hajayafunika. Alivaa buti mpya na kofia ya mkulima, akafuatana na mwandishi wa gazeti. Akachagua mahali penye kivuli, majani yanang'aa, mengine mekundu, ya kupendeza.

"Mheshimiwa," Bi. Ybarra akasema, "hapo usilale."

"Kwa nini?"

"Kuna mmea."

"Mama, kilima kizima ni mimea! Mmea gani?"

Bi. Ybarra akanitazama. Nikatikisa kichwa.

"Siruhusiwi kuutaja, Mheshimiwa."

"Safi sana!" Mheshimiwa akasema. "Raia mtiifu namna hii ndiye ninayemtaka." Akajilaza chali. Akavunja kitawi chenye majani matatu matatu, akakichomeka sikioni, akanitupia na mimi kimoja. Nikakiingiza ndani ya kola, kwani mkubwa akijipamba na mdogo hujipamba.

Ndipo akaliona ua lililosimama karibu na pua yake.

"Prewitt, na hili zuri hivi, ni ua gani?"

Mwandishi akainua kalamu. Katika kaunti nzima ya Pardoe mtu aliyekuwa na haki ya kulijibu swali hilo nilikuwa mimi, na ukweli ni kwamba mimi najua waridi, na si waridi zote. Nikamgeukia Bi. Ybarra. Alikuwa anatazama mawingu. Dakta Takeda alikuwa anaisugua lenzi ya kamera kana kwamba ni jino lililotoboka.

"Prewitt!"

Nikakifungua kitabu cha Ofisi, nikapekua mbio mbio. Jeupe. Petali tatu. Madoa mekundu. Furaha ikanipanda mpaka utosini.

"Kwa mamlaka niliyopewa," nikatangaza, sauti ikafika bondeni, "nathibitisha rasmi kwamba ua hili ni kipepeo-madoa!"

Kisha wanaklabu wakashikwa na kikohozi, wote kwa pamoja.

"Samahani, Bwana Mratibu," Bi. Ybarra akasema kwa adabu, "ungerudia? Mwandishi hakushika vizuri."

Nikarudia. Nikamtajia herufi moja moja. Mheshimiwa akaliegemeza ua shavuni, akatabasamu, kamera ikalia. Alikuwa anajipangusa suruali alipoganda ghafla.

"Prewitt. Si hilo ndilo..."

"Ndilo, Mheshimiwa."

Kesho yake picha ilijaa ukurasa wa mbele: MKOMBOZI WA KILIMA. Mheshimiwa hakuiona. Kile kitawi ni upupu wa huku kwetu: unakungoja ulale ndipo ukupike, na asubuhi ile macho yake yote mawili yalikuwa yamefungwa kwa uvimbe. Nilimsomea habari kwa simu, kwa taabu, midomo yangu ikiwa mikubwa kuliko maneno. Wino ulikuwa haujakauka, jimbo likasimamisha tingatinga. Kukanusha hakuweza, kwani simu za wapiga kura zilimiminika, kila mtu anamwita shujaa, anamwombea uzima.

Klabu ikamwandalia hafla katika ukumbi wa maktaba. Bi. Ybarra akamvisha nishani kwa mikono miwili, akampa nafasi ya kusema machache. Upupu haujui itifaki. Ulikuwa umeshamshuka kiunoni.

"Ndugu wananchi," alianza, "kilima hiki..." Akauma mdomo. Akaikamata meza pande zote mbili, mwili ukitetemeka, machozi yakimtiririka. "Kilima hiki kimenigusa," akasema, "mahali ambapo siwezi kupafikia."

Bibi mmoja wa mstari wa mbele akaangua kilio. Ukumbi ukasimama, makofi yakarindima.

Mheshimiwa akarudi kuketi kando yangu, akiwapungia watu, akaniambia huku meno yameumana:

"Kesho usije ofisini."

Nilimshukuru. Hakuwahi kunipa likizo nisiyoiomba, na mpaka leo hajaikatisha.